Mama Yako Amezianika Betri Pamoja na Michembe

Baba Limi,

Mama yako ameungua kiunoni. Naanza na hilo kwa sababu nimekasirika, na nikianza na salamu nitalia halafu sitaandika kitu. Hali yake si mbaya. Kidonda kina ukubwa wa kiganja cha mtoto, muuguzi wa zahanati amekisafisha na anasema kinakauka. Lakini kilichomuunguza ni betri zako za akiba, zile za tochi, na lawama nimebebeshwa mimi.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana wewe habari ya kudandia katikati ulikuwa huitaki.

Ulipofariki pale hospitalini Bariadi, nguo zako alikabidhiwa mama. Sikumwingilia, wewe ni mwanawe. Mfukoni mwa suruali zilikuwamo betri mbili, kila moja imevaa kipande cha mpira wa baiskeli kama ulivyozoea. Unakata mpira mrefu kuliko betri, unaiingiza, unakunja huku na huku, unafunga kamba. Nilikuwa nakucheka. Nilikuambia unazivalisha betri kuliko unavyonivalisha mimi mkeo. Ukanijibu, "Kila moja na nguo yake, na isilale na chuma." Basi, ikaishia hapo. Nikikuuliza kwa nini, unasema utanionyesha siku nyingine, unachukua baiskeli yako unaondoka. Umeniudhi, Baba Limi. Siku nyingine ipi? Mengine yote nimeyajua kwa fundi simu wa pale senta, tena baada ya mtu kuungua.

Mimi nilijua betri zimo sandukuni kwa mama, zimetulia. Kumbe kila jua likichomoza anazivua ile mipira na kuzianika kwenye mwamba nyuma ya nyumba, pamoja na michembe yangu ya viazi. Nimeenda kugeuza viazi vyangu, nazikuta zimelala katikati ya vipande kama na zenyewe zitapikwa na maharage. Unamjua mama. Kwake betri zote ni mawe ya redio, yale ya zamani. Yakichoka unayaanika, yakigoma unayang'ata, redio inaimba tena mpaka jioni. Nikamwambia kwa heshima zote, mama, hizi si mawe, hizi zinachajiwa, na jua kali linaziharibu. Akaniangalia weee, halafu akasema yeye alianza kuanika betri kabla mimi sijazaliwa. Nikageuza viazi vyangu. Mimi ni mkamwana. Wewe ungesema neno moja tu angeziondoa, maana wewe alikuwa anakusikiliza. Sisi wengine anatusikia tu.

Nikaziondoa, nikazirudisha chumbani kwake. Kesho yake ziko mwambani. Tukaenda hivyo, mimi naondoa, yeye anaweka, na hatusemeshani juu ya jambo hilo. Ile plastiki nyembamba inayozizunguka ikaanza kubanduka kwa jua. Niliiona. Sikujua kama ile ndiyo ngozi yake, na kwamba ikibanduka basi betri iko uchi.

Jumapili moja tunakwenda kanisani, yeye mbele na wanakwaya, mimi nyuma na Limi. Mama amefunga pindo la kanga, amelichomeka kiunoni kama kawaida yake. Ndani ya pindo kuna ufunguo wa sanduku, sarafu za sadaka, na betri zako zote mbili. Bila nguo. Hakuna aliyejua, na hata ningeona limetuna, nani amewahi kumpekua mama mkwe kiunoni?

Tumefika kwenye njia panda, mama akaruka. Akapiga yowe kwamba ni nge. Akaivuta kanga akaitupa chini, akabaki na shimizi mbele ya katekista na kwaya nzima. Mama yako, Baba Limi, ambaye hata kichwa hakiachi wazi. Na kanga pale chini inatoa moshi. Katekista akageukia porini, Mungu ambariki, wanawake tukamzunguka. Nilipolifungua lile pindo kwa kijiti, ufunguo ulikuwa umelala kwenye betri moja, umegusa kichwa chake na ubavu ulio uchi, na plastiki yake imeyeyuka na kushika kitambaa. Nikamvalisha kanga yangu. Hakutaka nimwangalie usoni.

Kama yangeishia hapo nisingekuandikia. Ningekasirika kimyakimya, nikapika.

Lakini baba yako mdogo Nkwabi akaitisha kikao. Akasema marehemu analalamika, kitu chake kimemchoma aliyemzaa, haiwezekani iwe bure. Akasema tochi na kila kilicho chake vifukiwe kaburini kwako, halafu nyumba iulizwe ilikukosea nini. Nyumba maana yake mimi. Wote wakanigeukia.

Nilichemka. Wewe na hasira wapi na wapi? Ulikuwa unamwomba radhi hata ng'ombe kabla hujamfunga. Na tochi ikifukiwa, mimi nalinda shamba na nini? Zamu yako ya kufukuza tembo nimeishika mimi tangu tulipokuzika, kwa sababu nyumba isiyotoa mtu wa zamu haikumbukwi tembo wakiingia. Mahindi yameshabeba. Wenzangu wana vitochi vya kutafutia kiatu uvunguni. Ni hiyo tochi yako tu inayomfanya tembo ageuke, na kuna siku inazimika yuko karibu kabisa, hapo betri ya akiba ndiyo uhai wangu. Bila mwanga nitapiga debe, naye ataniona mimi ni ngoma tu, aendelee kula. Tukikosa mahindi, mwaka huu Limi anakula nini?

Nikasimama nikawaeleza. Nikachukua ule ufunguo, nikaonyesha ulivyolala. Nikasema, kama fundi simu alivyonieleza, chuma kikigusa betri iliyo uchi juu na ubavuni kinapata moto na kuchoma; ufunguo ungekuwa mfuko mwingine mama asingeungua, na betri zingebaki na mipira yake asingeungua, marehemu hahusiki. Baba mdogo akacheka puani, akauliza tangu lini wanawake wa nyumba hii wamekuwa mafundi umeme. Nikakaa. Nilikuwa nalia kwa hasira, na nadhani walifikiri nalia kwa hatia.

Ndipo mama akazungumza. Muda wote alikuwa amekaa upande kwa ajili ya kidonda, ameinamia mkeka. Akasema taratibu, "Ng'wanone hakunichoma. Mimi ndiye niliyemvua nguo, nikamfunga na ufunguo."

Hakusema betri, Baba Limi. Alisema ng'wanone, mwanangu. Nikaelewa kwa nini kila siku zilikuwa zinarudi mwambani. Hakuwa anaharibu vitu. Alikuwa anakutunza, anakutoa nje uote jua, anakurudisha ndani, na Jumapili akakupeleka kanisani. Baba mdogo akakohoa, akauliza kama uji umeiva. Habari ya kaburi na tochi hakuna aliyeirudia tena.

Wageni walipoondoka mama akafungua sanduku, akanipa vile vipande vyako vya mpira. Hakuvitupa. Kimoja umekikata upande, nadhani kisu kilikuwa butu, na kamba yake ni uzi uliouchomoa kwenye gunia la pamba. Betri moja fundi simu ameipima, akasema ni nzima, akaivika plastiki mpya, nami nikaivalisha nguo yake kama ulivyokuwa unafanya. Iliyoungua imevimba. Nimeiweka kwenye kopo la mchanga mbali na nyumba, na mpaka sasa sijui niipeleke wapi. Aliyekuuzia ananiambia niitupe chooni, yaani ndiyo akili yake. Nimegombana naye.

Halafu mama akanyoosha mkono. Alitaka ile nzima. Sijawahi kumkatalia mama yako kitu tangu niolewe, unajua. Nikamwambia hapana, mama, hii ni ya zamu. Mkono ukabaki pale pale. Nikachukua ule mpira mwingine, uliokatwa upande, mtupu, nikamwekea kiganjani. Akaupapasa pale kisu chako kilipopinda. Akaufunga kwenye pindo pamoja na ufunguo, akachomeka kiunoni, upande usio na kidonda. Ndio anaotembea nao sasa. Hauna kitu ndani na hauwezi kumfanya lolote. Akikaa anaushika.

Bado nimekukasirikia. Nitakukasirikia kwa muda, univumilie huko uliko. Ulijua yote haya na ukaondoka nayo mfukoni. Lakini pumzika, baba. Zamu yako ninayo, mama yako ninaye, na betri hailali na chuma tena humu ndani.

Limi amekaa mbele yangu, ameshika kisu na mpira wa ile baiskeli yako. Ameniuliza kwa nini betri inavaa nguo. Naweka kalamu chini nimwonyeshe sasa hivi, si siku nyingine.

Mkeo,
Mama Limi