Majani ya Njia Panda ya Nyakabere

Baba Furaha, mume wangu,

Leo nimefyeka majani ya njia panda, pale njia ya mashamba yetu ya Nyakabere inapokata barabara kubwa ya Uvira. Mkono unaniuma. Ungenicheka, maana nashika panga kama mwiko.

Hiyo ilikuwa kazi yako. Wakati wa Wabelgiji walikuita kantonye, mtunza barabara. Uhuru ulipokuja wakubwa wako waliondoka, wewe ukaendelea bila kutumwa na mtu. Kamio, malori yale makubwa, zilipita mbio kama zinakimbizwa, nawe uko kwenye kona unafyeka, unapaka mawe chokaa. Nilikutania kwamba umeoa barabara. Ukajibu, "Mama Furaha, dereva hawezi kusimama kwa ajili ya muntu hajaona."

Kisha uasi ukatufikia. Leo waasi, kesho askari, na sisi watatu tumelala kifudifudi ndani ya majani yale mpaka wapite. Yalituokoa. Ndiyo maana mambo yalipotulia nawe ukachukua panga, nilikushika mkono.

"Wacha kwanza. Wakirudi, weye unataka tujifiche wapi?"

Ulinitazama sana, ukaliegemeza panga ukutani. Hukupenda kubishana nami mbele ya mtoto.

Askari hawakurudi. Ilikuja kamio ya samaki, asubuhi, ikakugonga pale njia panda ukitoka shambani na mzigo wa mihogo. Dereva alilia kweli. Alisema hakuona mtu, aliona majani tu. Kwenye kilio watu walimlaani, nami niliwaacha. Sijamwambia yeyote kwamba ni mimi niliyekuzuia. Nakuambia wewe, na najua kwamba nimechelewa.

Tangu Furaha aolewe huko Kasenga, nyumba imekuwa kimya. Napika ugali wa mtu mmoja na bado unabaki. Kuna siku sisemi neno mpaka jirani aje kuomba moto.

Basi nafyeka kila majani yakifika magotini. Madereva wananiona, wanapunguza mwendo, wengine wananipungia mkono. Watoto wa shule wanavuka wakicheka. Nikisimama mlangoni naona barabara yote, mbali kabisa, na kila anayekuja namtambua mapema kuwa si wewe.

Pumzika, baba. Unisamehe ukiweza.

Mke wako,
Mama Furaha