Nani Anapalilia Ukoka Wako?

Mama Neema, mke wangu,

Huko uliko usinicheke kwanza. Ule ukoka wako wa mbele ya nyumba umenishinda. Magugu ya ndago yamefika barazani, na mgongo wangu unaujua: nikiinama asubuhi, nanyooka jioni. Ungekuwepo ungesema, "Mwanaume mzima unakimbizwa na majani!" Basi nimekimbizwa. Nimenunua kokoto, nusu ya uwanja imeshamwagwa. Fundi anarudi kesho kumalizia.

Lakini kuna jambo linanitia mashaka. Kila nikitoka kazini nakuta pale karibu na bomba, ulipoanzia kupanda, pamepaliliwa. Ndago zimeng'olewa na mizizi yake, zimerundikwa vizuri pembeni. Nani huyo? Nilimshuku jirani, Mama Zawadi: labda anautunza ili aje auombe akapande kwake. Halafu nikawaza, au kuna mama ananitaka, ameanza kunionyesha uchapakazi? Nikajitazama kwenye kioo. Shaka hiyo ikaisha palepale.

Leo nimembana Mama Zawadi. Akacheka mpaka akashika ukuta. "We Baba Neema, huyo si ndiye mama mkwe wako! Anakuja na bodaboda kutoka Litapunga, anapita kwangu kuuliza kama upo. Nikisema upo, anageuza."

Kumbe ni mama, mke wangu. Najua kwenu mkwe hakutani na mkwe wake. Hata kwenye msiba wako tulipeana migongo. Na sasa, Neema naye akiwa masomoni mbali, kwangu hana tena wa kumtembelea. Amebaki na majani yako tu, na mimi nilikuwa nayafukia.

Nimempigia fundi, aishie kwenye bomba. Upande ule utabaki ukoka, na njia ya geti dogo itabaki udongo, maana kokoto zinapiga kelele, na mama hapendi asikike akiingia.

Ila na wewe nakushuku. Mtaa mzima wanafagia udongo wao, wewe peke yako uling'ang'ania ukoka. Ulijua mama atakuja kuhitaji pa kuinama? Hukuniambia. Mambo yako hayo.

Lala salama, mpenzi. Neno langu kwako ni hili: hata siku za mapumziko nitatoka, nishinde sokoni bila cha kununua, mama akae na wewe mpaka atosheke.

Mumeo,
Baba Neema