Aliyemsonya Mzee Emorut

Malaba, 9 Februari 2025

Kwa Edinah,

Pokea salamu za mama mkwe wako. Mimi ni mzima, ila presha hupanda kila nikikumbuka uso wako. Natumai huko kwenu Matayos wote wazima. Wao hawana kosa, isipokuwa kukulea.

Simu yako sishiki. Andika, umpe Okedi wa boda boda aniletee hapa hotelini kwangu.

Utaomba msamaha lini? Mzee Emorut, ndugu ya marehemu mume wangu, alikuja kula. Ukashika jagi umnawishe mikono kama mke wa boma lolote lenye heshima. Hapo katikati ukamkazia macho, ukamsonya. Nkt! Ukarudia tena na tena mbele ya wageni, na maji yakimwagikia suruali ya mzee. Ameondoka bila hata kuonja kuku! Madereva wa malori wanakuja hapa wakiwa na hasira ya foleni ya mpaka, na hakuna hata mmoja amewahi kunisonya.

Winny atabaki na mimi. Siku utakayompigia mzee magoti, ndiyo utampata mtoto wako na kurudi kwa mume wako.

Mama yake Okiria


Matayos, 21 Februari 2025

Mama,

Nakusalimu kwa heshima, ingawa najua unaichukulia heshima yangu kuwa takataka. Huku tu wazima. Winny anakula? Hulala akishika sikio la mtu. Tafadhali mpe lako.

Mimi sikumsonya mzee. Nakumbuka nimeshika jagi, halafu nakumbuka miguu yangu imelowa na nyinyi nyote mnanifokea. Hapo katikati hakuna kitu. Nikisema hivyo unaniambia naigiza, kana kwamba nimeolewa ili nikuchekeshe wewe na wateja wako.

Juzi dada yangu Selpha alinikuta jikoni nikiyasonya maharagwe. Aliniita, sikuitika, vidole vyangu vikichunachuna leso. Nilipozinduka akaniuliza, "Kwani hayo maharagwe yamekukosea nini?" Tulicheka, kisha tukaogopa. Okiria mume wangu atanipeleka hospitali kubwa huko Eldoret.

Kupiga magoti, hapana. Sitaki Winny akue akiambiwa mama yake alikiri.

Mkweo, Mama Winny


Malaba, 28 Machi 2025

Edinah,

Salamu. Winny ni mzima na anakula kukushinda. Sikio langu amelivuta mpaka linauma.

Okiria amenieleza yote ya hospitali. Walikupaka gundi kichwani, wakakubandika nyaya, mashine ikachora mistari, na mistari ikatoka safi. Nimecheka mpaka wateja wakageuka. Mwanangu anashinda juani akihangaikia mizigo ya watu pale forodha, halafu anapoteza siku za kazi ili aambiwe mke wake hana ugonjwa, ana madharau!

Na hilo neno kifafa alilonitajia Okiria, usiniletee. Kifafa nakijua mimi. Mtu huanguka, akatoa povu. Wewe ulisimama wima kabisa. Maharagwe uliyasonya kwa sababu umezoea, na siku moja utaisonya hata misa.

Mwisho ni Pasaka. Usipokuja, nitamtafutia Okiria mke anayejua kukaribisha wageni.

Mama yake Okiria


Eldoret, wodini, 6 Aprili 2025

Mama,

Salamu kutoka kitandani. Okedi hakunikuta Matayos, kwa hivyo barua yako aliileta Okiria, akanisomea hapa hapa.

Daktari alisema kipimo cha kwanza kilikuwa kifupi na hakikubahatika kunasa kitu. Kichwa kikitulia, mistari pia hutulia. Safari hii nimelala na hizo nyaya usiku na mchana, nimezungushiwa bandeji kichwani, kamera inanitazama kutoka juu, na mume wangu ana kitufe cha kubonyeza akiona nimeanza.

Na nimeanza, Mama. Kilipokuja hicho kitu, mistari ilichafuka upande mmoja wa kichwa, karibu na sikio, kabla mdomo wangu haujacheza hata kidogo. Ni kifafa. Kipo cha kuanguka na povu, unachokijua wewe, na kipo hiki, ambacho kikija miguu inabaki imesimama na mtu mwenyewe anaondoka. Nimepewa dawa ya kumeza kila siku.

Okiria atakuonyesha video. Itazame yote, kisha uniambie tena habari ya madharau.

Mkweo, Mama Winny


Malaba, 13 Aprili 2025

Edinah,

Salamu. Natumai dawa unameza.

Nimeitazama. Nesi anakuita kwa jina lako, anakushika mkono, na wewe unausonya ukuta. Uso wako ulikuwa mtupu. Nilimtoa Winny nje asione, halafu nikakaa na sufuria ikaungua. Nilikuwa nimekuita mshenzi kila mahali hapa Malaba.

Mzee Emorut naye ameiona. Aliuliza tu kama unakula vizuri. Yeye hadai kitu tena.

Lakini mimi si mjinga. Kuna kipande Okiria amekaa kando ya kitanda anasoma karatasi, na mwandiko ni wangu, naujua. Hapo pia unasonya, tena kwa muda mrefu kuliko mara zote. Macho yako hapo yalikuwa na mwenyewe ndani. Hiyo ni ya kifafa? Jibu ukweli, na kwa mara moja katika maisha yako usinizungushe.

Mama yake Okiria


Matayos, 16 Aprili 2025

Mama,

Salamu nyingi. Namshukuru Mungu mu wazima, na pole ya sufuria.

Okiria aliruka akabonyeza kitufe, daktari akaja mbio. Akatazama mistari, ilikuwa imetulia kabisa. Akamuuliza Okiria, "Ulikuwa unamsomea nini?"

Hiyo haikuwa kifafa. Nilikusonya wewe, Mama, kwa akili zangu timamu, barua yako ilipofika hapo pa mke mwingine. Ningekuwa na nafasi ningerudia.

Nakuja Jumamosi kabla ya Pasaka. Kwa Mzee Emorut nitaenda nimsalimu nikiwa nimesimama, kwa sababu sikumkosea. Kwako nitapiga magoti, kwa ule msonyo mmoja tu. Nikiinuka, nipe mtoto wangu.

Mkweo, Mama Winny