Mama wa Miaka Ishirini na Minne

Melini, bandari ya Nain
9 Julai 2023

Mwanangu Rosina,

Pokea salamu za mama yako, aliye mzima wa afya isipokuwa magoti, maana ngazi za meli hii hazina mwisho. Je, wewe hali yako? Miguu bado inavimba? Dawa unakunywa, au unazificha chini ya mto ukidhani Boas haoni? Msalimie huyo mwanao, na umshukuru kwa kukusomea barua zangu kwenye simu yake. Mjomba Boas, soma kwa sauti na usirukeruke.

Kazi si mbaya. Abiria ni wazee wenye hela na makoti mekundu waliyopewa na kampuni, wote sawasawa, kama kwaya iliyopotea njia. Asubuhi tunawashusha ufukweni kwa mashua za mpira, walinzi wa kutukinga na dubu wakitangulia na bunduki. Jioni nakaa ukumbini nashona viatu vya ngozi ya sili wakinitazama. Nikitafuna ngozi ilainike, kamera zote juu! Mama mmoja kaniuliza kama meno hayaniumi. Nikamwambia yananiuma nikila biskuti za meli yao. Walicheka mpaka mpishi akatoka kuchungulia.

Mama huyohuyo aliniona nikikuandikia, akainama kusoma (hawana haya hawa), akauliza mwanangu ana umri gani. Nikamjibu sabini na moja. Jamani, ungemwona uso! Ikabidi nimweleze kwamba nilipewa jina la marehemu mama yako, kwa hiyo mimi ni mama yako, na umeniita hivyo tangu nikiwa kwenye nepi. Akasema ni jambo tamu mno. Sijui utamu uko wapi. Kwetu ndivyo ilivyo.

Mwezi ujao tunashuka Hebron, kijijini kwetu kwa zamani. Nitaiangalia nyumba yetu, kama bado ina ukuta.

Mama yako,
Jerusia


Hopedale
15 Julai 2023

Mama yangu,

Barua yako imefika na nimecheka hadi nikapaliwa. Huku hatujambo. Samaki wameanza kuingia, na Boas kawaanika wakauke wawe pitsik nyuma ya nyumba mpaka huoni ukuta. Mbwa wa jirani keshaonja kabla yetu. Dawa sizifichi chini ya mto tena. Nimepata mahali pazuri zaidi.

Sasa acha kucheka unisikilize. Muuguzi wa kliniki alinikalisha chini Jumanne. Figo zimechoka kabisa. Anasema iko mashine ya kusafisha damu, ila kwa moyo wangu huu mbovu lazima niwe kwenye hospitali kubwa ya kusini, na nikienda ndiyo nimehamia, sitarudi. Nikibaki hapa ni wiki chache. Hakunizungusha, na nilimshukuru. Boas anataka niende. Keshavuta sanduku kutoka chini ya kitanda. Boas, usinune, piga picha ukurasa huu na uutume kama ulivyo.

Mimi sitaki, Mama. Nataka kufia kitandani kwangu nikiwasikia watu wakigombana nje kuhusu samaki. Lakini sitaki pia Boas abaki akisema mama yake alikuwa mkaidi. Nikakumbuka kwamba mimi si yatima, nina mama. Unakumbuka Hebron? Nilikuwa na miaka saba watu wa serikali walipotutangazia kanisani kwamba sote tutahamishwa. Kanisani hatujibizani, basi hakuna mtu mzima aliyefungua mdomo. Mimi nililia ufukweni kwamba siendi. Ukanishika mkono ukasema, "Panda mashua, Rosina," nikapanda. Ukafa hapa Hopedale majira ya baridi ya pili, na tangu siku hiyo kila mtu ananiambia pa kwenda.

Nakuomba neno moja tu. Sema nibaki. Ukisema wewe, Boas atanyamaza na mimi nitalala usingizi. Ukisema niende, nitaenda. Sijawahi kukuasi.

Mwanao,
Rosina


Melini, Saglek
22 Julai 2023

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama. Mimi si mzima na sina haja ya kudanganya. Barua yako niliisomea chooni ili wenzangu wasinione.

Bibi, mimi nina miaka ishirini na minne! Mpaka leo nakupigia simu kuuliza nyama ichemke kiasi gani. Wewe ndiye uliyenilea, wewe ndiye mkubwa, halafu leo unageuka kuwa mtoto na kunitwisha mimi jambo hili? Kuitana mama na mwana ni mchezo mzuri na ninaupenda, lakini hapa si pa mchezo. Nikiandika "baki" nawe ukafa, neno hilo nitalilalia na kuliamkia maisha yangu yote. Huniombi ruhusa. Unaniomba nikuue kwa adabu. Limenitoka, na silifuti.

Nenda hospitali. Madaktari wanajua kazi yao. Msimu ukiisha Septemba nitakuja nikae nawe hukohuko, nitafute kazi hata ya kufagia. Nakuhitaji uwe hai, basi. Kama huo ni ubinafsi, na uwe.

Mjukuu wako,
Jerusia


Hopedale
27 Julai 2023

Jerusia,

Marahaba. Barua imefika. Boas aliisoma mara moja, kisha akatoka kwenda kupasua kuni zilizokwisha pasuliwa.

Umeuita mchezo. Ulipokuwa na miaka minne ulivunja birika langu la harusi, na majirani wakashangaa sikukugusa. Ningemchapaje mama? Ulipougua mapafu nilikaa sakafuni kando ya kitanda chako nikiomba nisifiwe nawe mara ya pili. Huo ndio mchezo wangu. Lakini usilie, sina kinyongo. Nilimwandikia mama, akajibu mjukuu, na mjukuu ana haki ya kuogopa.

Tunapanda ndege kesho mbingu zikiwa safi. Boas ananisindikiza. Samaki wako nimekuwekea kwenye friza, upande wa juu, usimpe mtu.

Bibi yako,
Rosina


Hospitalini
10 Agosti 2023

Mama,

Najua hutaki nikuite hivyo. Niache leo tu, nimechoka kuwa mtu mzima.

Hali yangu ni ya mtu aliyefungwa kwenye kiti. Siku moja mashine, siku inayofuata nimelala kwa uchovu wa mashine, kisha inarudi zamu ya mashine. Dirisha langu linatazama ukuta wa matofali. Nikimuuliza Boas upepo unatoka wapi leo, anaangalia simu. Chakula ni cheupe chote, hata nyama. Boas aliniletea pitsik ndani ya soksi, tukala tumejifunika shuka mpaka chumba kikanuka, mgonjwa mwenzangu akapiga kengele. Hiyo ndiyo furaha niliyoipata huku.

Watu wenyewe si wabaya. Wananiita mpenzi wakinidunga sindano. Lakini hakuna hata mmoja hapa anayejua mimi ni mtoto wa nani. Jana niliota nimekaa ufukweni nikisubiri kuchukuliwa, na watu wote wanapita, majina yao siyajui. Niliamka nalia kama mtoto, kwa sauti, na Boas naye akalia. Hajawahi kulia mbele yangu tangu avunjike mguu.

Silalamiki. Umesema niende, nimeenda.

Rosina


Melini, Hebron
19 Agosti 2023

Mwanangu,

U hali gani, mwanangu? Umekula? Umepata usingizi? Barua yako ilitumwa tukiwa tumejikinga na upepo kwenye ghuba, mtandao hakuna, simu ikaipokea leo tulipotoka. Nimekaa ukumbini na koti langu bado limelowa, sijalivua.

Asubuhi tulishuka. Nyumba yetu haina ukuta, mwanangu. Yamebaki mawe ya msingi, na majani marefu pale palipokuwa na jiko. Kanisa lipo, wamelikarabati. Niliwapanga abiria kwenye mabenchi nikaanza maneno yangu ya kila siku: mwaka fulani walitangaza, mwaka huohuo watu wakaondoka. Nayajua kwa moyo, hayaniumizi tena. Mzee mmoja akanyoosha mkono. Si mtu mbaya, ana wajukuu, ananionyesha picha zao kila siku. Akauliza, "Sasa mbona mlikubali? Si mngekataa tu?"

Nikafungua mdomo nimweleze kwamba kanisani hatujibizani. Badala yake nikasikia nasema, "Nilikuwa na mtoto wa miaka saba. Duka walilifunga, muuguzi aliondoka. Ningekaa naye hapa tule nini? Nikamwambia apande mashua. Alilia, nikamvuta mkono." Yule mzee akavua kofia. Sikuigiza, Rosina, nakuapia. Sikupanga hata neno moja. Nilikuwa nalia na nilikuwa nimekukasirikia kwa kulia ufukweni, maana ulinifanya nione ninachofanya.

Kwa hiyo sasa najua. Sikusema "panda" kwa kuwa ni vizuri. Nilisema kwa kuwa niliogopa, na mwezi uliopita nimerudia vilevile. Nimekupandisha mashua mara mbili, mwanangu. Nisamehe.

Sasa nisikilize mimi mama yako. Inatosha. Waambie wakutoe kwenye hiyo mashine. Vaa koti lako, mshike Boas mkono, rudi nyumbani ulale kitandani kwako. Boas, usibishane, nimeshasema. Meli inafika Nain Jumatano, nami nitapanda ndege ya kwanza nije Hopedale kukupokea. Nitakaa nawe mpaka usinzie. Neno hili nitalibeba, ni langu, wewe usilifikirie tena.

Mama yako,
Jerusia


Goose Bay
24 Agosti 2023

Bibi yangu Jerusia,

Utashangaa kwamba mimi Boas nakuita bibi. Miaka yote niliona aibu kumwita bibi mtoto niliyemfunga nepi. Leo sioni aibu.

Natumaini u mzima. Nimejaribu kukupigia Nain, naambiwa meli haijaingia kwa ajili ya mawimbi. Basi naandika.

Barua yako nilimsomea akiwa kwenye mashine. Akasema, "Rudia pale pa koti." Nikarudia. Akambonyezea muuguzi kengele mwenyewe. Daktari alipokuja akamwambia, "Mama yangu kaniita nyumbani." Wakadhani kachanganyikiwa, wakamleta mtu wa kumpima akili. Akamuuliza leo siku gani, yuko wapi, nani waziri mkuu. Mama alijibu yote, kisha akamuuliza yeye, "Na wewe mama yako anajua uko wapi?" Yule bwana akatia sahihi.

Bibi, njia nzima alikuwa akicheka. Tulifika hapa Goose Bay juzi mchana, tukaambiwa Hopedale kuna ukungu, ndege hairuki. Tukapewa chumba kwenye nyumba ya wagonjwa. Alikataa kuvua koti. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango, mkoba mapajani, na kila aliyepita alimwambia kwamba mama yake kamwita. Binti aliyeleta chai alimwambia una bahati, mimi mama yangu hata simu hapigi. Jana asubuhi nilikwenda kuulizia ukungu. Niliporudi alikuwa palepale kitini, kichwa kimelala upande mmoja. Nikadhani amesinzia. Nilimwambia, "Mama, twende, ukungu umeanza kuondoka huko."

Hakuumia, nadhani. Uso ulikuwa mlaini.

Sikulaumu wewe, sijilaumu mimi, ingawa usiku nalaumu ukungu. Lakini sasa watu wa nyumbani wananipigia simu kila mmoja na lake. Wako wanaosema apelekwe Hebron, kwamba ndiko alikozaliwa na ninyi mna meli. Wengine wanasema Hopedale. Mimi nimewaambia wasinisumbue, mama mzazi yupo, atasema yeye. Mwanao tumzike wapi, Bibi? Nasubiri.

Mjukuu wako,
Boas


Nain
25 Agosti 2023

Mjukuu wangu Boas,

Pole, mwanangu, na pole tena. Nimeshuka melini sasa hivi, nimesimama gatini, utanisamehe nikikosea kuandika. Umekula? Kula kitu.

Hebron hapana. Niliwaona marehemu wetu wamelala pale wazuri, lakini hakuna anayepita asubuhi kuwajulia hali. Mpelekeni Hopedale mkamchimbie pembeni ya kaburi langu, karibu kabisa, hata kama itabidi msogeze uzio. Wapiga tarumbeta wa kanisa waambie wasipige taratibu mno, hapendi.

Ukungu ukiondoka nakuja na ndege ya kesho. Jeneza msilifunge. Na nywele zake mtu asiziguse mpaka nifike, anaumia haraka akichanwa na mgeni. Nitamsuka mimi.

Mama yake,
Jerusia