Mabua Yaliyosubiri Mashine

22 Oktoba

Kwa Baba Mkubwa Bikkar,

Naigusa miguu yako kwa heshima. Natumaini goti limetulia na kikohozi cha Mama Mkubwa kimepungua. Mimi ni mzima.

Ofisi ya kilimo imenipangia ukarani wa kijiji chetu. Shamba lisilochomwa mabua ya mpunga litalipwa na serikali. Moshi wowote ukionekana na setilaiti, naulizwa mimi, na bado niko kwenye majaribio ya kazi. Nakuomba usichome. Mashine ya kukusanya mabua na kuyafunga marobota itafika kwako kabla ya sikukuu ya Divali, upate kupanda ngano. Usinipigie simu ofisini, niandikie tu.

Mwanao, Navtej

25 Oktoba

Navtej mwanangu,

Baraka kwako. Goti ni lile lile. Mama yako Mkubwa anakohoa na kunigombeza kwa pumzi moja, kwa hiyo hajambo.

Malipo yenu ni ya chai na sukari. Ngano ndiyo riziki ya mwaka mzima, na shamba ni la kukodi; mwenyewe, Sardar Mohinder, hapendi kuona udongo wake umelala. Lakini umesoma, umepata kiti, sitaki moshi wangu ukuondoe kitini. Nitasubiri. Mbegu ziko ndani.

Baba yako Mkubwa

8 Novemba

Navtej,

Hujambo huko? Sisi tupo. Divali imepita, mashine haijaja. Jirani yetu Gurmel alichoma mchana kweupe, na ngano yake imeshaota. Akinipita na trekta ananiuliza, "Bikkar, serikali imekuoa lini?" Nacheka. Sardar naye alikuja, akasimama ukingoni, chai hakunywa. Muulize mkubwa wako wa kazi, mwanangu. Kuuliza si kosa.

Baba yako Mkubwa

10 Novemba

Baba Mkubwa,

Naigusa miguu yako. Vipi kikohozi? Nilifika hadi mlangoni kwa mkubwa. Alikuwa na wageni. Kesho nitamuuliza. Tafadhali subiri kidogo.

Mwanao, Navtej

23 Novemba

Baba Mkubwa,

Naigusa miguu yako. Hujanijibu, natumaini mko wazima wote. Mashine iko barabara kuu, inasafisha mashamba ambayo wageni kutoka Delhi watayaona wakipita. Nililisikia hilo siku ile pale mlangoni kwa mkubwa. Niliogopa kuingia, na niliogopa kukuambia. Choma, Baba Mkubwa. Ukipanda wiki hii bado utapata kitu. Wakiuliza, nitajibu mwenyewe.

Mwanao, Navtej

27 Novemba

Navtej mwanangu,

Sisi wazima. Kikohozi kimepoa kwa baridi, ajabu.

Ujumbe wako ulikuta shamba limeshaondoka. Sardar amempa Gurmel, na Gurmel alichoma juzi. Kwenye karatasi zenu bado ni langu, kwa hiyo mkaguzi alikuja kwangu. Nikamwambia nimechoma mimi. Ukianza kueleza ya Gurmel, itabidi ueleze na ya mashine, na wewe bado uko kwenye majaribio. Liishie hapa. Andika jina langu.

Mbegu nimemuuzia Gurmel. Safari hii hakunitania.

Baba yako Mkubwa

2 Desemba

Kwa Bikkar Singh, Mkulima

Imethibitika kwamba shamba lililoandikishwa kwa jina lako lilichomwa mabua mwezi Novemba. Malipo ya kutochoma hayatatolewa msimu huu. Faini ilipwe katika ofisi hii. Mwenye pingamizi alilete kwa maandishi.

N. Singh
Karani wa Kijiji