Kila Hadithi Inamleta Masanja

Jumatatu, 3 Machi
Sketi za sare zimekwisha. Nimefunika cherehani mapema, nikakaa kuandika. Mhariri kapiga tena kutoka Dar. Anataka kujua kitabu cha pili kitahusu nini. Nimemwambia mapenzi: binti wa Mhunze na mnunuzi wa pamba. Amefurahi. Mimi sikufurahi.

Kurasa mbili tu. Huyo mnunuzi wa pamba ana vumbi la mawe kwenye kope. Pamba haina vumbi la namna hiyo. Hilo ni la kaka yangu, Masanja. Nimechana.

Jumanne, 4 Machi
Mvua. Jirani mpya kamuuliza Mayu, mama yangu, ana watoto wangapi. Wawili, kasema. Huyu hapa, na Masanja yuko machimboni.

Miaka yote anajibu hivyo. Niliambiwa kwa simu: duara, lile shimo la wachimbaji, limeporomoka Bugarama, Masanja yuko ndani, hajatoka. Mayu alisema atatoka. Mwili haukupatikana. Hatukuweka matanga, wala hatujawahi kulizungumza. Mama yangu anamngoja mwanawe, na mimi sina moyo wa kumkatia tumaini. Nikiandika kifo chake nitakuwa nimemzika mbele ya macho yake.

Kwa hiyo kisa hicho siandiki. Basi.

Alhamisi, 6 Machi
Nimebadili. Kichekesho sasa. Mwenyekiti wa mtaa anajenga nyumba kubwa kuliko kiwanja chake. Nilicheka peke yangu.

Ukurasa wa tatu, mwenyekiti kakaa sebuleni, anasikia mtu anagonga chini ya sakafu.

Sikupanga kuandika hivyo. Mchana kweupe, redio ya jirani inaimba, na mimi nimepiga magoti nasikiliza sakafu yangu mwenyewe. Naogopa.

Jumamosi, 8 Machi
Bugarama. Nimemdanganya Mayu kuwa nafuata vitambaa Kahama.

Nimemtafuta Kulwa, aliyekuwa akichimba na Masanja. Siku ile yeye alikuwa juu, zamu ya kuvuta kamba. Siku hizi anakaanga chipsi stendi. Nilimwamkia, akaitikia, akazima jiko bila kuuliza nimefuata nini.

Duara limefukiwa. Nyasi zimeota. Mbuzi wanakula juu yake. Nikamuuliza kama Masanja alikufa papo hapo. Akawafukuza mbuzi kwanza.

"Aligonga, dada. Tulikuwa tunachimbua kwa mikono, tunamsikia anagonga jiwe. Udongo ukashuka tena. Jioni tulimwita. Hakugonga."

Nilikaa chini. Nilifikiria ule ukurasa wa tatu, nikamwambia sikujua.

Kulwa akashangaa. "Kwani mama hakukwambia? Nilikuja kwenu Ibadakuli mwaka uleule. Nilimweleza yote."

Jumapili, 9 Machi
Sikwenda kanisani. Mayu alikuwa anapepeta choroko uani. Nikamwambia nilikokuwa. Ungo haukusimama.

"Kulwa hajambo?"

Nikamuuliza kwa nini alinificha. Akasema nilikuwa na mimba ya Neema, inatishia kutoka. Alisema moyoni, nikijifungua ataniambia.

"Ukajifungua. Lakini kila nikisema yuko machimboni, naona unainamisha kichwa. Nikajua wewe ndiye unayemngoja."

Mimi! Nilimpigia kelele mama yangu mzazi. Kugonga kule amekubeba peke yake miaka yote hii, anapika, anacheka na watu, anakwenda sokoni. Nilikasirika kuliko nilivyowahi kukasirika. Kisha akaweka ungo chini, akaanza kulia. Sijawahi kumsikia akilia kwa sauti. Nikamshika. Tukalia wote.

Majirani wakaja mbio, wakauliza kama kuna msiba.

"Upo," Mayu akasema. "Kaeni."

Jumatano, 12 Machi
Matanga. Wajomba wamefika kutoka Mhunze. Tumenyoa nywele. Kaburi hakuna, katekista kaombea picha. Neema anauliza mjomba wake alikuwaje, na kila mtu anajibu lake.

Nimechoka. Shingo ina baridi bila nywele.

Mayu ameniuliza nitaandika nini. Sijui, nikasema.

"Mwandike yeye. Ila usianzie shimoni."

Jumapili, 16 Machi
Wageni wameondoka. Nimempigia mhariri. Kitabu kitamhusu kaka yangu. Akauliza kama ni cha huzuni. Nikamwambia bado sijui.

Alasiri nimemsomea Mayu ukurasa wa kwanza. Masanja kijana, yuko juu ya bati la watu, ananyoosha mkono kumkamata njiwa.

Mayu akanikatiza. Hakuwa mrefu hivyo, kasema. Na mkono wake ulikuwa wa kushoto.

Nimefuta. Nimeandika upya. Wa kushoto.