Utando wa Dhahabu na Kikaango cha Mikumi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua sitasikia marahaba, lakini nikianza bila kukuamkia utanisema huko uliko.

Nyaya zimeota, mama.

Unakumbuka ulivyotangaza Mikumi nzima kwamba mwanao anasomea waya? Likizo ile nilikuta redio mbovu zimepangwa barazani zikinisubiri. Jirani yetu wa gereji akasema, "Fundi Zaina, hii yangu inakoroma tu." Ukanikonyeza nisikuaibishe. Nikaifungua, ikanyamaza kabisa. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Sikuweza kukueleza siku ile, ngoja nijaribu leo. Nyaya zangu ni nyembamba kuliko unywele, jicho halizioni. Ni za silikoni, kitu kinachopitisha umeme kwa masharti. Tunapaka kipande cha silikoni utando wa dhahabu, tunaupasha moto tanurini mpaka ujikusanye kuwa vitone, ndipo tunaingiza gesi. Chini ya kila kitone unaota uzi. Moto usipotosha, utando haukatiki, unaambulia ukoko. Ukizidi, vitone vinamezana, nyaya zinatoka nene na chache.

Mimi huku chuoni niliambulia ukoko mwaka mzima. Msimamizi wangu akaniambia kwa upole kwamba nikishindwa muhula huu, ufadhili basi, nirudi nyumbani. Nililia, mama. Baba alipopunguzwa kazi kwenye mashamba ya mkonge, enzi zile za ruksa, mashirika yakifungwa, ulinisomesha kwa kuwauzia vitumbua madereva wa malori. Nirudi na nini?

Nikakumbuka nilivyokuwa namimina unga kikaango hakijashika moto, nawe unafoka, "We Zaina, acha chuma kishibe!" Usijisifu lakini, hukunifundisha fizikia. Ila haraka yangu ni ileile. Safari hii niliuacha utando kwenye moto muda zaidi kabla ya gesi, nikiongeza kidogo kidogo kila jaribio. Juzi nikachungulia kwenye hadubini, nyaya zimesimama wima kama mpunga shambani. Nilipiga kelele maabara nzima ikageuka.

Ufadhili umeongezwa. Nina furaha ambayo sijui niiweke wapi, na nimekukumbuka mno. Ufadhili kuongezwa maana yake pia mwaka huu sitafika kijijini Malolo kupalilia kaburi lako. Yaache majani yaote, mama. Nikija, nitakuwa nimemaliza masomo, nakuja kufundisha, na nitayang'oa kwa mikono yangu.

Pumzika salama.

Mwanao wa pekee,
Zaina